Samaki za Umutesi

Mama,

Tafazali, usiguse tena aquarium, ile sanduku ya kioo ya samaki. Usitie maji, wala chakula.

Asubui umesafisha eponji ya filtre, ile inachuja maji ya samaki, na maji ya dawa, yale tunakunywa juu ya kolera. Ulifanya kwa mapendo, najua. Lakini uchafu wa ile eponji ndio ulikuwa unalinda samaki: ndani mulikuwa vidudu vizuri vya kusafisha maji, na dawa imeviua. Tuliungoja mwezi muzima mbele ya kutia samaki ndani. Sasa wawili wamekufa, wengine wanahema juu ya maji.

~~Nilikuambia mara ngapi~~ Basi, tuache.

Nimeenda mbio mpaka kule Himbi, kwa Papa Magloire mwenye kufuga samaki, kuomba kipande cha eponji chafu ya aquarium yake.

Umutesi wangu, tangu tulikimbia vita kule kwetu Kiwanja, anaongea na samaki tu. Leo aliniuliza mimi: «Wamelala?» Nikasema ndiyo. Akikuuliza na wewe, mujibu chochote. Asinyamaze tena.

Mutoto wako,
Mama Umutesi