Nilimwamkia Mwalimu, Akanirudishia Sadaka Yangu

Bi Nassra,

Asalaam aleikum. Hii ni mara ya tatu nashika kalamu wiki hii, mara mbili nimeandika nikachana, kwa hiyo ukiona maneno yanakwenda kombo nivumilie, maana jambo lenyewe hata mume wangu sijamweleza lote, na nakuletea wewe uniambie nimekosa wapi na nifanye nini kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili kuna safari imepangwa ambayo mimi ndiye niliyeianzisha na sasa nashindwa kuizuia.

Nina duka la vitambaa Mchangani, si kubwa, nimelirithi kwa mama. Unajua Ijumaa za mjini kwetu zilivyo, tangu saa tatu asubuhi hadi karibu na adhana wenye kuomba wanapita duka kwa duka, vipofu wanaoshikwa mkono, wazee, kina mama wenye watoto mgongoni, na kila mwenye duka ana kopo lake la sarafu, anatia mkono anatoa, anatia mkono anatoa, na anayepokea anaomba dua anapita. Nikwambie kweli, kwa kuwa jina langu hulijui: nilikuwa naipenda Ijumaa. Siku nyingine mimi ni mtu wa kawaida tu, nabishana na wateja juu ya doti moja ya kanga na mawifi wananisengenya, lakini Ijumaa nikikaa na kopo langu nikasikia "Mungu akuzidishie, mwanangu," najiona mtu mwema, roho inakuwa nyeupe, hata chakula cha mchana nakila kwa raha zaidi.

Katika hao wanaopita alikuwemo bibi mmoja wa buibui na nikabu, macho tu ndiyo yanayoonekana. Alianza kuja baada ya Idi. Hakuwa akisema neno. Anakuja mwisho, wenzake wakishapungua, anapokea, anainamisha kichwa, anakwenda zake. Sijui kwa nini nilimchagua yeye, lakini nikaacha kumpa sarafu nikawa nampa noti, naikunja mapema naiweka kando, nikamtungia na hadithi kichwani mwangu, kwamba ni mjane, kwamba katoka shamba, kwamba hana mtu duniani isipokuwa mimi. Nilimpenda, Bi Nassra, na hata uso wake siujui.

Basi Ijumaa moja mwezi uliopita skuli zilikuwa zimefungwa, binti yangu Kawthar, ana miaka tisa, nilikuwa naye dukani, kakaa juu ya majora anadurusu kwa sauti sura aliyopewa chuoni, chuo cha Kurani, mimi nampimia mteja kitambaa. Yule bibi akaja, nikampa noti yake. Hapo hapo Kawthar akaruka aya. Na yule bibi, pesa yangu imo mkononi mwake, akasema, "Rudi nyuma. Umeruka. Anza tena, taratibu."

Sauti ile. Miaka sita nilikaa mkekani mbele ya sauti ile, Kikwajuni, nyumbani kwa kaka yake, tangu alifu mpaka nikahitimu. Alikuwa Mwalimu Zeyana. Alikuwa kanyamaza miezi yote hiyo asitambulike, lakini kumsikia mtoto akikosea na asimrekebishe hilo halikuwezekana.

Nami nikafanya nini? Nilifanya anachofanya mtu yeyote aliyelelewa hapa akikutana na mwalimu wake. Sikufikiri. Nilizunguka meza mbio, nikamshika mkono niubusu, nikasema kwa furaha, kwa sauti, "Mwalimu Zeyana! Shikamoo Mwalimu!" Dukani mna wateja watatu, barazani wamekaa watu, na majirani zangu wa maduka jina hilo wanalijua wote, nusu yao kawasomesha yeye. Akajibu, "Marahaba, mwanangu," kwa mazoea, kisha nikaona macho yake yamebadilika. Aliiweka ile noti juu ya meza, karibu na mkasi, akainyoosha kwa kiganja mpaka mkunjo ukalala, akaniambia polepole, "Mie nshapata, mwanangu. Wape wengine." Akatoka. Tangu siku ile hajaonekana kwangu wala mtaa mzima wa Mchangani, nimeuliza kila mahali.

Sasa lililo baya zaidi. Jioni ile nilikuwa na dhiki ya moyo, nikaandika kwenye kundi letu la simu la tuliosoma chuo kile, tuko zaidi ya arubaini, nikaeleza kila kitu, mpaka noti ilivyonyooshwa, nikasema nimelia. Kulia nililia kweli. Nikasifiwa sana. Ummukulthum, ambaye ndiye kiongozi wetu, akaanzisha mchango palepale, na pesa zimepatikana nzuri. Mwalimu siku hizi anakaa Michenzani, ghorofa ya nne, kwa Simai, mtoto wa kaka yake, kwa sababu kaka alifariki na nyumba ya Kikwajuni warithi wakaiuza, na chuo kikafa hapo hapo. Jumapili wanataka twende wote, na magunia ya mchele, na sare, kitambaa cha sare kimetoka dukani kwangu, na mtu wa kupiga video ili wengine nao wahamasike. Nilipomwambia Ummukulthum pengine Mwalimu hatapenda, alinijibu, "Wewe nawe! Kwani tunakwenda kuiba? Si kheri tunakwenda kutenda?"

Ijumaa sasa nafunga duka nasema naumwa. Nikiona nikabu njiani navuka upande wa pili. Na nikufiche nini, nina hasira naye pia. Kwa nini alikuja kwangu? Kwa nini hakuniambia tangu mwanzo nikamsaidia kama mtu wangu? Niambie Bi Nassra, niende Jumapili au nisiende, na nifanye nini ili Mwalimu wangu akubali kusaidiwa nami?

Jina kapuni,
Mchangani, Unguja

*

Mwenye duka, waaleikum salaam. Majina ya watu na ya mitaa nimeyabadilisha yote kabla ya barua yako kuchapwa.

Futa machozi kwanza. Ulimwamkia mwalimu wako kama ulivyofunzwa, na mwanangu mimi angempita mwalimu wake bila ya shikamoo ningemtia kofi. Ulimi ulitangulia akili, basi, hutokea. Hapo sina ugomvi na wewe.

Ugomvi wangu unaanza jioni, uliposhika simu. Dukani walisikia watu kumi, wewe ukawapelekea arubaini, ili wakupoze. Wamekupoza, tena wamekusifu! Mtu mzima kajifunika gubigubi, kasubiri wenzake wapungue, kakaza ulimi miezi yote hiyo ili jina lake lisalimike, na wewe umelitia jina hilo katika simu za watu, na najua wamo walioko Muskat na Dubai. Kwa hilo nakulaumu na sitakutafutia udhuru.

Unauliza kwa nini alikuja kwako. Pengine kwa sababu ulikuwa humtambui. Pengine alitaka kuona tu mwanafunzi wake amekuwa mtu wa namna gani. Mimi sijui, wewe hujui, na hatuna haki ya kumuuliza. Lakini hasira zako nazifahamu vizuri sana. Ulikuwa na maskini wako, uliyemtunga mwenyewe, mpole, hana sauti, hana mtu ila wewe, na ghafla kageuka kuwa mtu aliyekufundisha kusoma. Kumpa usiyemjua kunatupendeza kwa kuwa tunabaki juu na yeye chini, na hakuna anayetukumbusha tulivyokuwa wadogo. Sisemi haya kukutukana. Raha hiyo ya Ijumaa nami nimeionja, na sadaka inabaki sadaka hata kama mtoaji kajisikia vizuri. Ila sasa umejua ndani yake mlikuwa na nini.

Nikupe langu. Mume wangu alipofariki niliachwa na watoto watatu, na zilikuwapo siku jiko haliwashwi. Jirani yangu Bi Kazija, Mungu amrehemu, alikuwa kila adhuhuri anakuja na bakuli limefunikwa kawa, anasimama mlangoni, haingii, anasema, "Nassra, hebu nionjee, leo chumvi imenishinda." Niliionja chumvi ya Bi Kazija miezi minane, mimi na wanangu. Siku moja nikamjibu, "Chumvi sawa, ila pilipili ndogo," na kesho yake akaongeza pilipili. Yule mwanamke alikuwa akiitwa kupika kwenye harusi za watu mji mzima, chumvi haijamshinda hata siku moja. Amekufa na hatujalizungumza. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia shangazi yangu.

Sasa sikiliza na usibishe. Safari ya Jumapili haipo. Mwambie Ummukulthum leo, si kesho, na akikuona mwoga mwache akuone. Hebu fikiri, kundi la watu wa sare wanapanda ngazi za Michenzani, kamera mbele, kila mlango unafunguliwa watu wachungulie! Baada ya hapo Mwalimu atashukaje kwenda kununua mkate? Sare mtavaa kwenye harusi. Pesa zilizochangwa nunueni vitu kidogo kidogo, kila mwezi, mumpe Simai avipandishe yeye, kama mtoto yeyote anavyoingia na mfuko nyumbani anakokaa na shangazi yake. Asitaje kundi wala jina la mtu. Na ile habari uliyoiandika ifute, kisha waandikie wenzako kwamba hukuwa na haki ya kuisema. Hilo litakuuma, na ni sawa likuume.

Ijumaa fungua duka. Kaa na kopo lako mwenyewe, mpe kila anayepita, na macho yako yaishie kwenye kiganja chake. Usimchague mmoja ukamfanya wako. Hao unaowaona kundi kila mmoja ana mtaa anaogopa kupita kwa kuwa huko anajulikana. Na siku usipojisikia mwema, toa hivyo hivyo.

Kwa Mwalimu utakwenda, lakini peke yako, alasiri ya siku ya kawaida, mkono mtupu. Bahasha iache nyumbani. Radhi pia usimwombe, maana najua utaanza kulia, na ukilia itambidi yeye akubembeleze, na mzigo huo hastahiki. Mwamkie kwa sauti, pale ni kwake, hapana wa kumwonea haya. Mweleze habari za watoto, za duka, za mama yako. Atakwambia ukae. Kisha atainuka kwenda jikoni, utamsikia anafungua mkebe wa sukari na kijiko kinakwangua chini, na mdomo utakuwasha useme, "Usijisumbue Mwalimu, mie nshakunywa." Nyamaza! Akileta kikombe cha chai kipokee kwa mikono miwili, ukinywe mpaka chini, na akikuuliza kama akuongeze, mwambie, "Naam, Mwalimu, niongeze."