Korongo wangu kaenda na taka

Shabo, yule korongo niliyemuunda kwa vyuma vya baiskeli na mbao hayupo! Na maonyesho ni leo jioni!

Nilimweka pale mtaa unapoweka taka, nikaenda kuleta gari. Gari tu, Shabo!

Narudi, namkuta jirani yangu Mjapani, mama Kuwabara, mwenye zamu ya usafi leo, ameshika bisibisi. Kamfungua! Mabawa kwenye rundo la vyuma, miguu kwenye rundo la mbao!

"Zuberi-san, hukutenganisha taka zako. Nimekusaidia kabla majirani hawajakusema."

Kanisaidia! Kazi ya msimu mzima wa baridi, kanisaidia!

Nikafungua mdomo nimtukane. Akainama, kama desturi ya huku, akaniomba radhi kwa kunipotezea muda.

Na mimi, bwege, nikainama zaidi yake. Nikamshukuru!

Lori la taka likaja, likambeba korongo. Mimi bado nimeinama.