Sketi ya Poni na Vidole Vinne

Jumanne, 8 Agosti 1989 – Mvara, Arua

Lomoro wa lori la samaki amesimama mlangoni na salamu kutoka kijiji cha Abuku. Mama mkwe wangu wa zamani, mama wa marehemu mume wangu Yugu, anataka nimshonee Poni, binti yangu, sketi ya shule. Ya bluu, ifike gotini. Ameniomba mimi! Tangu niolewe tena na Enoch hajaniomba hata chumvi. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, ndivyo ilivyo kwetu, nilimwacha kule na sikubisha. Lakini sketi nimeombwa mimi. Nikiishona vizuri, labda Krismasi nitaruhusiwa kumleta hapa.

Kamba ya kipimo cha kiuno chake itakuja lori likirudi. Nimefurahi mpaka nikaunguza maharage. Enoch amekula hivyo hivyo, maskini.

Alhamisi, 10 Agosti

Sikungoja kamba. Mama gani huyo anayengoja kuambiwa kiuno cha mwanawe?

Kitambaa nimepata sokoni. Mpira wa kiuno hakuna Arua nzima, basi nitatia mkanda na kifungo. Nimemwita Hawah, binti wa jirani yangu Medina. Ni rika moja na Poni. Nimemzungushia tepu, nikafumba macho, nikamkumbuka Poni wangu, nikaongeza kidogo. Medina akacheka – kumbe wako unampimia kwa wangu! Nikacheka naye. Moyoni haikunichekesha hata kidogo. Mara ya mwisho kumwona Poni alikuwa hana meno ya mbele.

Jumamosi, 12 Agosti

Sindano ya cherehani ya Medina imevunjika, nimemaliza kwa mkono. Pindo pana, atakaporefuka literemshwe. Kifungo cheupe, nimekitoa kwenye blauzi yangu ya kanisani. Nimeitundika ukutani, naitazama kama mjinga. Nzuri!

Jumanne, 15 Agosti

Kamba imekuja. Afadhali isingekuja.

Nimeizungusha kwenye mkanda wa sketi. Haikufika. Nikavuta, haikufika. Upana wa vidole vinne umebaki wazi. Yaani mwanangu amekonda hivyo? Hawah anakula kwa Medina ananenepa, wangu anakauka Abuku, tena mwaka huu mihogo imejaa mashambani! Nililia. Halafu hasira. Nimefumua mkanda, nimepunguza kiuno, nimekata kitambaa kilichozidi ili mshono ulale vizuri. Mabaki amechukua Hawah, anamvisha mwanasesere wake.

Kabla Lomoro hajapanda lori nimempa maneno ayafikishe. Nilimwambia hivi: “Mwambie mama mkwe, kama chakula kimemshinda, anirudishie mtoto wangu.” Lomoro akaniuliza mara mbili kama kweli aseme hivyo. Nikasema ndiyo, hivyo hivyo.

Jumatano, 16 Agosti

Enoch ameniambia ulimi hauna mfupa. Nimemjibu vibaya. Lori limeshakwenda. Nina haki lakini. Nina haki.

Jumapili, 20 Agosti – Abuku

Naandika nyuma ya jiko la mama mkwe. Nasikia anakuna kitu ndani. Hajaniita bado na mimi sithubutu kuingia.

Nimefika asubuhi na lori la Lomoro, sketi kwapani, uso nimeukunja, maneno nimeyapanga njia nzima. Mtoto mmoja akatoka shambani na kikapu cha mihogo kichwani. Mrefu, mashavu yamejaa, mapaja ya kupanda mlima. Nikamtafuta Poni nyuma yake. Hakukuwa na mtu nyuma yake.

Alinisalimia kwa kupiga magoti kama ninavyosalimiwa na watoto wa watu. Kisha akasema, polepole, macho chini: “Mimi nakula. Lomoro nasema wewe nasema mimi hapana kula. Mimi nakula.”

Ee Mungu! Maneno yale amesikia yeye!

Mama mkwe hakunigombeza. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniuliza habari za Enoch. Heri angenigombeza. Akataka kuona sketi. Poni akaivaa pale pale uani. Ikapanda mpaka kiunoni, kifungo kikagoma. Nikavuta mimi, akavuta pumzi yeye, wapi. Mama mkwe akaja nyuma yake, akaweka mkono wake kwenye ule mwanya. Vidole vinne. Vikakaa sawasawa.

Akasema: “Mutu iko hai hapana zungushiwa kamba yote. Kamba nakutana kwa maiti tu. Tunaacha vidole ine, mushonaji naongeza. Mimi nafundisha wewe hapa hapa. Wewe nasahau?”

Nimesahau. Alinifundisha uani hapa, mwaka niliokuwa na mimba ya Poni, aliponipima gauni. Aliacha nafasi mgongoni mwangu na akanieleza kwa nini. Binti-mkwe yeyote wa nyumba hii anajua. Ndiyo maana hakutuma maelezo – alidhani mimi bado ni mtu wa hapa. Na mimi nikamtukana kwa heshima aliyonipa. Natamani ardhi ipasuke.

Tena kipimo changu cha kwanza, cha kufumba macho, kilikuwa sawa! Nilimjua mwanangu. Nikamkata mwenyewe kwa mkasi. Mabaki yote yako Mvara, yamevaliwa na mwanasesere.

Niliomba msamaha, maneno yakanitoka vipande vipande. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Aliingia ndani. Krismasi sikuitaja, ningeitajia mdomo gani?

Sasa ametoka. Si chakula alichokuwa anakuna, alikuwa anasugua doa kwenye ukingo wa kanga yake ya bluu. Amechana kipande mbele yangu bila kunitazama. Anasema kitatosha kujazia nyuma. Nimenyoosha mkono nipokee sindano, amenipa kwanza kamba. Anasema nimpime Poni mimi mwenyewe, aone.

Poni amesimama mbele yangu, mikono juu, analitazama daftari hili. Ameniuliza kama naandika habari zake. Nimemwambia ndiyo. Ameshusha mkono mmoja, ameupeleka nyuma, ameweka vidole vyake vinne mgongoni. Anasema ni ili nisisahau tena.