Bomba Lililogusa Chuma

Skelgarth, Cumbria
14 Machi

Kwako dada yangu mpendwa Maureen,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye mvua. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Keith na watoto, na kwamba mguu wa shemeji sasa unakanyaga bila fimbo. Sisi hatujambo. Baba ana afya, anakula vizuri, na liki zake bustanini, vile vitunguu vyake virefu vya majani, mwaka huu zimezishinda za jirani yetu Bwana Tyson kwa unene. Mtaa mzima umetangaziwa, hata wasiokula liki.

Katika barua yako ya Krismasi uliniuliza kwa nini Baba aliacha kazi kwenye yadi ya kuunda meli miezi mitano kabla nyambizi haijashushwa majini, yeye aliyekuwa akiapa kwamba mle atatolewa kwa machela. Nikakujibu kwamba ni magoti. Dada, magoti ya Baba hayana neno. Leo nakueleza yaliyotokea, na nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujashika simu.

Mwaka juzi tuliletewa mkurugenzi mpya wa mradi, Bwana Julian Fenwick-Hale. Hata jina lake lina ghorofa mbili. Alikuja na kofia ya kazi nyeupe iliyoandikwa jina lake kwa wino wa dhahabu, na mpaka leo kofia hiyo haina hata mkwaruzo mmoja, maana mwenye nayo haendi mahali panapokwaruza. Siku ya kwanza alipoingia ndani ya nyambizi alipotea akitafuta choo, akatokea chumba cha torpido, yale makombora ya majini, akawauliza mafundi kama pale ndipo jikoni. Tangu siku hiyo vijana wakawa wanaulizana, "Leo torpido zimeiva?"

Wageni walipokuja aliwatembeza akiwa amevimba kama mkate. Aliwaambia kinu cha nyuklia kitaendesha chombo hiki miaka ishirini na mitano bila kuongezwa mafuta. Kwamba hewa ya kupumua na maji ya kunywa vinatengenezwa humohumo kutokana na bahari, hivyo kitakachowarudisha mabaharia nchi kavu ni kuishiwa chakula tu. Aliwaonyesha vigae vya mpira vilivyobandikwa mwili mzima ili kumeza sauti za adui, na akajisifu kwamba masikio ya nyambizi hii yanaisikia meli iliyo mbali maili nyingi mno. Yote ni kweli. Ila mwenye kujisifu hakuweza kumsikia mtu aliyekaa upande wa pili wa meza.

Mtu huyo alikuwa Baba. Unajua kazi yake: mabomba ya maji ya bahari, yale yanayopoza mitambo. Mitambo yote mikubwa, mashine za mvuke na pampu, imewekwa juu ya jukwaa moja, na jukwaa limekalia mipira minene, ili mtikisiko usiufikie mwili wa chombo na kutoka nje baharini. Bomba lolote linalotoka kwenye jukwaa halitakiwi kugusa chuma cha pembeni hata kwa upana wa ukucha. Baba alikuwa akituambia mezani, wewe ulikuwa bado hujaolewa, kwamba sauti haina adabu, ukiifungulia mlango mmoja inatoka na ukoo mzima.

Basi asubuhi moja pampu zilipowashwa kwa majaribio, chombo kikiwa bado ndani ya jengo, Baba alichukua bisibisi yake ndefu, akaegemeza ncha kwenye fremu ya chuma na mpini sikioni, kama alivyofanya miaka arobaini na minne. Akasikia mvumo pale pasipotakiwa kuwa na kitu. Alipofuatilia akagundua kwamba wabunifu walikuwa wamesogeza kishikizo kimoja cha chuma kwenye michoro ili kupitisha nyaya, na sasa bomba likipata moto na kutanuka linakiegemea. Akachora msalaba wa chaki mahali hapo, akaenda kutoa taarifa.

Fenwick-Hale akamwita kwenye kikao, watu ishirini na mbili mezani, nami nikiwamo kwa upande wa kitengo cha vipimo vya sauti. Akaeleza kwamba kompyuta imeshakokotoa kila kitu, na kwamba kukata pale na kupanga upya kutachelewesha sherehe ya kushusha chombo, ambayo wakubwa wameshaalikwa. Baba akasema hajui kompyuta imesikia nini, yeye amesikia bomba. Yule bwana akatabasamu akauliza, "Kwa hiyo, Wilf, nyambizi ya nyuklia sasa tunaipima kwa bisibisi? Kesho utatuletea na kijiko?"

Watu wakacheka, Maureen. Watu waliokula pai za marehemu Mama jikoni kwetu wakacheka.

Baba hakupandisha sauti. Alisema, "Bwana mkubwa, mle watalala watu mia moja. Nyambizi yenye kelele ni jeneza lenye injini." Fenwick-Hale akazungusha macho mezani, akauliza kama yupo yeyote mwenye kipimo kinachomuunga mkono mzee. Hakuna aliyefungua mdomo. Wiki ileile Baba akanyang'anywa kadi ya kuingilia chomboni, akapelekwa stoo kugawa glavu. Aligawa siku tatu. Ya nne akaacha ufunguo wa kabati lake juu ya kaunta na kurudi nyumbani kwa miguu.

Sherehe ikafanyika, bendi ikapigwa. Mwezi uliopita tukaenda majaribio ya bahari, kaskazini huko Uskoti, ambako vyombo vya kusikilizia vimetandazwa chini kabisa kwenye sakafu ya bahari. Mwendo wa polepole, kimya kizuri. Tulipoongeza kasi na mabomba yakapata moto, kukatoka mvumo mmoja mzito, haukomi, kama mtu anayeimba na mdomo ameufumba. Kamanda Isobel Rennie, ambaye ndiye atakayekaa ndani ya chombo hicho na watu wake, alivua vifaa vya masikio, akamtazama Fenwick-Hale kama anavyotazamwa mbwa aliyechafua zulia. Akamwambia, "Umeniletea kengele ya kanisa." Yule bwana akasema huenda ni samaki.

Tuliporudishwa gatini mafundi wakafungua sakafu. Bomba lilikuwa limekisugua kile kishikizo mpaka kikang'aa kama sarafu mpya. Pembeni yake msalaba wa chaki ulikuwa bado unasomeka.

Ungedhani mtu angeona haya. Yeye akaiandikia ripoti tume ya uchunguzi iliyoundwa baada ya hapo, kwamba kosa ni la ufungaji mbaya, na kwamba bomba hilo lilifungwa na W. Postlethwaite, fundi mzee ambaye uwezo wake ulikuwa umeshuka na ambaye ameshaondoka kazini. Neno michoro hakuligusa. Miaka arobaini na minne, akaifuta kwa sentensi moja.

Sasa naingia penye mwiba. Nimemsema Fenwick-Hale kurasa tatu kwa sababu ni rahisi kumsema. Siku ya kikao kile, alipouliza kama yupo mwenye kipimo, mimi nilikuwa nacho. Nilikichukua mwenyewe asubuhi ile ya pampu, palepale kwenye chaki, Baba alipoenda kutoa taarifa. Mstari ulipanda juu ya karatasi kama mnara. Karatasi ilikuwa imekunjwa katika mfuko wa koti langu, ina tarehe na sahihi yangu. Siku mbili kabla ya kikao, Fenwick-Hale alikuwa ameninong'oneza kwamba kitengo kinahitaji mkuu mpya, mtu mwenye busara. Nikawa na busara. Baba alinitazama mimi, si yule bwana, nami nikatazama kalamu yangu. Cheo nilikipata mwezi uliofuata, na wewe ukanitumia kadi ya pongezi.

Jumatatu iliyopita niliipeleka ile karatasi kwenye tume, pamoja na maelezo yangu yote. Inamsafisha Baba na inanizika mimi. Alhamisi nitahojiwa, sitegemei kubaki na kazi.

Jumapili kabla ya hapo nilimweleza Baba. Alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mstari ulipanda kiasi gani. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika kwamba sikio lake halikumdanganya. Nikaanza kumlaani Fenwick-Hale, akanikata kauli.

"Mwache yule," akasema. "Yule ni mjinga, hakujua. Wewe ulijua."

Akamaliza viazi vyake, akapika, akanipakulia kama kawaida. Hajanitukana wala hajanifukuza, lakini jina langu halitamki tena. Akitaka chumvi ananiambia, "Nisogezee chumvi, Bwana Mkuu wa Kitengo." Nilimwomba anisindikize Alhamisi, akasema siku hiyo anapalilia.

Ukimpigia simu, dada, tafadhali usiniombee msamaha. Ile kadi yako ya pongezi ninayo bado. Nikitoka tume nitakurudishia kwa posta. Msalimie sana shemeji, na uwabusu watoto, ila ukiwasimulia habari za huku wasimulie za babu yao.

Ni mimi mdogo wako,
Howard