Nyumba ya Magurudumu Tuliyomkalishia Cucu

Jumatatu, 4 Machi 1968
Nimekata nyasi ya ng'ombe, nimekamua, nimesali. Halafu trekta. Ilipanda kilima chetu cha Giakanja ikivuta nyumba nzima, milango na madirisha, polepole kama askofu aliyekuja kubariki kanisa.

Ni nyumba ya mbao yenye magurudumu ya chuma. Walikuwa wanalala humo wasimamizi wa barabara kule Kiganjo. Kambi yao imefungwa, mume wangu akainunua nyumba. Vyumba viwili, sakafu ya mbao! Ni ya mama mkwe wangu, ambaye sisi wote, wakubwa na wadogo, tunamwita Cucu, yaani nyanya. Nyumba yake ya nyasi imechoka. Ukuta mmoja umelala, paa linavuja, na kifua chake hakitaweza mvua nyingine ya njahi, masika yetu. Mvua yenyewe haiko mbali.

Majirani walijaa. Mama Wambui, wa shamba la chini, akaniuliza, "Mkikosana na sisi mtafunga trekta mhame?" Nikacheka. Moyoni nilikuwa na majivuno tele. Mungu anisamehe. Sijatubu bado.

Jumatano, 6 Machi
Fundi Salim amekuja kutoka Majengo, Nyeri mjini. Mtu mpole, anavaa kofia yake ya kufuma hata akichimba. Ameangalia mteremko, akasema nguzo za mawe ziwe sita, za chini ndefu kuliko za juu. Nyumba itainuliwa kwa jeki, magurudumu yatoke, ikae juu ya nguzo. Lakini kwanza simiti ipewe muda ikauke.

Baba Njeri, mume wangu, akakataa. Nguzo na nyumba, yote siku moja. Kwetu nyumba husimamishwa siku moja na moto huwashwa ndani kabla ya giza. Ikilala bila moto, wanaotangulia kuingia si watu. Mimi ni wa kanisa, sishiki hayo. Baba Njeri ni mzee wa kanisa, hashiki pia. Lakini anamwogopa mama yake. Anasema ikipita siku moja Cucu hatakanyaga ndani.

Salim akamwambia, "Baba Njeri, simiti si ugali, ati unaupakua ukiwa moto." Hakusikilizwa.

Cucu mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Hata mimi. Naona haya kuingilia maneno ya mama na mwanawe.

Jumamosi, 9 Machi
Aibu.

Tulianza alfajiri. Nguzo zikapanda, nikapika githeri, mahindi na maharagwe, ya wanaume wote. Alasiri magurudumu yakatolewa, jeki zikashushwa. Nguzo mbili za chini zikatema simiti mbichi kama uji. Moja ikalala. Nyumba ikainamisha pua kuelekea kwa Mama Wambui. Salim alipiga kelele, wanaume wakasukuma magogo chini yake. Hakuna aliyeumia, asante Yesu.

Mtu wa barabarani akaita, "Imeanza safari!" Wote wakacheka. Nilijificha nyuma ya ghala nikalia. Nina hasira na Baba Njeri. Nina hasira na mdomo wangu uliofungwa.

Moto haukuwashwa.

Jumapili, 10 Machi
Sikusikia mahubiri. Shingo zote zilikuwa zinageukia kwetu. Cucu hajatoka nje tangu jana. Baba Njeri anasema basi, mama yake ameikataa nyumba, bora auze mbao. Mawingu kwenye mlima.

Jumatatu, 11 Machi
Nimempelekea Cucu uji. Nikakaa. Nikauliza kama ni lazima nguzo na nyumba viwe vya siku moja. Miaka yote niliyoolewa hapa sijawahi kumuuliza jambo kama hilo.

Aliniangalia kama mtoto aliyepotea njia ya mtoni. "Mawe ni mawe," akasema. "Hata miti ya nyumba hii ilikatwa ikangoja. Siku ya nyumba ni ile inasimama. Nani aliwaambia mkoroge matope na msimamishe nyumba kwa pumzi moja?" Kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Huyo mwanangu ana mvi, na bado ananiogopa?"

Nilipomwambia Baba Njeri, alichukua kofia yake akaenda kumtafuta Salim.

Jumatano, 13 Machi
Salim amerudi. Hakusema "niliwaambia". Nyumba imerudishwa juu ya magurudumu, nguzo mbovu zimebomolewa. Safari hii ameteremsha msingi mpaka udongo mgumu. Mimi ndiye wa kulowesha magunia juu ya mawe, asubuhi na jioni, simiti isikauke kwa pupa ikapasuka.

Jumamosi, 16 Machi
Manyunyu. Cucu amekohoa tangu alfajiri. Nimemwomba aje kwangu, hataki, ati hawezi kulala kwa mkwe na ana nyumba yake. Baba Njeri ameingiwa na hofu, akachukua jeki, anasema nguzo zimekauka vya kutosha. Nilisimama mbele yake. Nikasema hapana. Mbele ya watu. Sikutoka. Akaweka jeki chini.

Nimefunika paa la Cucu kwa turubai. Bwana, zuia mvua kidogo tu.

Alhamisi, 21 Machi
Leo!

Salim aligonga kila nguzo kwa nyundo, akasikiliza, akatabasamu. Jeki zikashuka, pembe moja, halafu nyingine. Akaweka pimamaji sakafuni kuona kama iko sawa. Kiputo chake kikatulia katikati. Baba Njeri alivua kofia.

Cucu akaja na makaa ya moto wake kwenye kigae cha chungu. Akakataa mkono wa mtu. Akapanda ngazi mwenyewe, akayamimina kwenye jiko, juu ya bati tulilotandika. Jua lilikuwa bado halijatua. Baba Njeri akaomba, na Salim akainua viganja vyake kwa njia yake. Moshi ukatoka dirishani, na Mama Wambui akapiga vigelegele kuliko mtu yeyote.

Najivunia mume wangu. Najivunia nguzo zile. Najivunia nafsi yangu pia, kidogo.

Jumapili, 24 Machi
Mvua ya njahi imeanza. Mlima hauonekani. Kuku wamehamia chini ya nyumba kwa Cucu, na kila wakipiga kelele anagonga sakafu kwa fimbo, wananyamaza. Hajakohoa sana.

Baada ya kanisa nimempelekea maziwa. Nilikuwa na mguu mmoja ndani, akanisimamisha mlangoni.

"Pangusa miguu," akasema.

Nikapangusa.