Uzi wa Katani Juu ya Barabara

Jumanne, Aprili 1963. Ukungu ulikaa juu ya Ngorongoro tangu alfajiri, ukafunguka kabla ya adhuhuri, na sasa jioni umerudi. Nimechoka, na uchovu huu si wa mikono.

Tangu mwezi uliopita sichimbi tena. Ukingo ulio juu ya barabara tunayoipanua una ufa, na injinia alitaka mtu wa kuutazama muda wote wenzake wakiwa chini. Nilichaguliwa mimi kwa sababu nasoma tarakimu. Darasa la nne la Kasulu limenifikisha hapo. Uzi wa katani umefungwa kwenye kigingi cha ng'ambo ya ufa, ukapita juu ya kigingi cha upande wangu, na mwisho wake unaning'iniza jiwe mbele ya ubao wenye alama. Ufa ukipanuka, jiwe linapanda. Kila nusu saa naandika kwenye daftari. Likipanda alama mbili, napiga filimbi na watu wote wanakimbia.

Wiki iliyopita nilipiga mara mbili. Ukingo haukusogea. Sulle, Mwiraqw wa Kansay ninayelala naye hema moja, aliegemea koleo lake akauliza kama nawafundisha ngoma ya kwetu Waha. Nyapara hakucheka. Alisema nikiwakimbiza bure tena, narudi kwenye sururu.

Mimi nilijua kosa liko wapi.

Nimekata mkonge Tanga miaka mitatu. Katani ikilowa inakaza. Ukungu ukishuka, uzi unafupika na jiwe linapanda. Jua likitoka, jiwe linashuka. Nilipaswa kumwambia injinia aweke waya. Sikusema. Niliogopa kuulizwa kwa nini nilinyamaza tangu siku ya kwanza, na kazi ya kukaa ni tamu kwa mgongo wangu.

Leo saa tatu asubuhi jiwe lilipanda alama mbili. Nikajiambia ni ukungu tu. Nikaandika alama ya jana.

Saa nne na nusu jua likatoka. Baada ya muda niliushika uzi, ulikuwa mkavu kabisa. Jiwe halikushuka.

Hata hapo nilisubiri. Niliitazama filimbi, nikamfikiria nyapara. Saa tano ndipo nikapiga, nikaandika alama mbili. Wengine walikimbia. Sulle aliinua uso akiwa anatabasamu.

"Muha, leo tena? Ngoja nimalize hapa."

Hakumaliza; ukingo uliporomoka, udongo ukamfunika hadi kiunoni. Tulimfukua kwa mikono. Mguu wake wa kulia umevunjika mahali pawili. Tulipomlaza kwenye lori la kumpeleka Karatu akatibiwe, juu ya magunia, alinishika mkono.

"Usijisumbue, ndugu yangu. Wewe ulipiga. Mbishi ni mimi."

Nyapara alinisifu mbele ya watu wote. Alisoma daftari, akaona saa tano, akasema sikuchelewa hata kidogo.

Nililipokea daftari, nikalifunga.

Blanketi la Sulle liko hapa karibu nami, alilikunja mwenyewe asubuhi. Kesho kabla watu hawajashika koleo nitamwambia nyapara kuhusu saa tatu, na kuhusu katani. Atanipa sururu au atanifukuza, sijui. Kisha nitaomba nafasi kwenye lori la Karatu, maana kuna mtu mwingine wa kuambiwa, na huyo ndiye ninayemwogopa zaidi.