Shimo la Mgeni Rasmi

Jumapili, 22 Machi

Nimefagia baraza, nimevuka barabara, nimeumwagilia mzambarau. Usiku mvua ilinyesha, haukuhitaji maji. Nimeumwagilia hivyo hivyo. Ukungu ulikuwa umelala bondeni na majani yanameta. Nilisimama pale hadi nikasahau kwamba nilitoka kununua maandazi.

Unanifika kiunoni sasa. Kokwa lake alilitema marehemu mume wangu, Shomari, uani, msimu wake wa mwisho. Lilichipua kwenye ufa wa saruji, yeye ameshaondoka.

Jumatatu, 23 Machi

Matayarisho ya sherehe ya kupanda miti yameanza. Kila mwaka ni mbele ya ofisi ya mtaa, hapo ng'ambo ya barabara, shimo lile lile. Mgeni rasmi anapanda, anapigwa picha, anaondoka. Mche unakufa kiangazi. Masika yakirudi, shimo linafukuliwa upya. Hapa Chamazi tunaliita shimo la mgeni na hakuna anayeona ajabu.

Mwaka jana mche wa mgeni ulikauka mapema mno. Nikautoa, nikaweka wa Shomari. Uani kwangu ungekulia wapi, saruji tupu. Hakuna aliyeniuliza. Nami sikuwaza kabisa kwamba kuna mwaka huu.

Jumatano, 25 Machi

Mama Neema, mwenyekiti wetu wa mtaa, amekuja kupima pa kufunga turubai. Alipouona mti alishika kiuno.

“Huu nao umetokea wapi? Si shimo la mgeni hili?”

Ameagiza ung'olewe keshokutwa. Nilikuwa barazani, nimesikia kila neno. Hasira. Nimeshona mkono wa gauni la mteja nje ndani.

Mvua mchana kutwa. Nimesinzia juu ya cherehani nikamwona Shomari. Amekaa viti vya nyuma, karibu na sufuria za pilau, kama alivyokuwa akikaa kwenye kila sherehe. Ulimi wake wa zambarau. Ananipungia nikakae naye. Nimeamka nimekumbatia gauni la watu.

Alhamisi, 26 Machi

Nimekwenda kwa Mama Neema. Nimemweleza yote, kokwa, ufa, mche uliokauka.

“Mbona hukusema, Bi Mwanaidi? Mie ningejuaje?”

Akasema bango la mgeni limeshaandikwa. Mgeni hawezi kupelekwa kupanda kwingine, kando ya mtaro. Amesema nimwache afikirie. Sikulipenda neno hilo. Nimerudi na mvua, taratibu, bila mwavuli. Ilikuwa ya vuguvugu.

Ijumaa, 27 Machi

Nilitoka asubuhi na jembe. Kama ni kung'olewa, niung'oe mwenyewe. Nililia njia nzima, na njia yenyewe ni kuvuka barabara tu.

Nikamkuta Mama Neema amechuchumaa pale, khanga mabegani, kucha zimejaa udongo. Ameurundikia mti udongo mbichi shinani. Pembeni ametupa kiriba kitupu cha miche kilichochanwa, ukiona utadhani mche umetoka kitaluni jana.

“Mgeni atamalizia udongo na kumwagilia. Wewe tulia tu, mama.”

Nimetulia. Siku nzima naelea. Cherehani sikuigusa.

Jumamosi, 28 Machi

Mgeni amechelewa, mvua haikuchelewa. Watoto wa shule waliimba wamelowa. Singeli ilipigwa hadi spika ikakata. Kisha mgeni akashika koleo, akamalizia udongo, akamwaga maji. Akayatazama majani, akasema mche huu umechangamka. Mama Neema aliangalia juu, kwenye turubai.

Watu wakapiga makofi. Mie nikalia tena. Jirani ameniambia hakujua kwamba napenda mazingira kiasi hiki.

Jumapili, 29 Machi

Viti vimeondolewa. Uwanja kimya, matope na vifuniko vya soda. Mti umesimama vile vile, tone moja kwenye kila jani. Mbele yake bango jipya. “Mti huu umepandwa na mgeni rasmi.”

Jana lilipochomekwa liliniuma. Leo nimelisoma polepole, mara mbili. Nimecheka peke yangu.

Maskini Shomari. Hakuna aliyewahi kumkaribisha viti vya mbele, na leo ana bango lake.

Nimemfutia bango matope kwa upande wa khanga. Kisha nimekwenda kununua maandazi.